Milango ya Fahamu na Ndugu Anayetoka Nje



Siku ya Pasaka kanisa letu lilijaa hadi barazani. Kwaya tatu ziliimba, ngoma zilipigwa, vipaza sauti vipya vilinguruma, na ubani ulifukizwa kama ilivyo desturi yetu. Kabla ya mahubiri, ndugu mmoja aliyeketi karibu na ukuta alisimama, akaziba masikio kwa viganja, akatoka nje upesi. Alirudi wakati wa komunyo, akapokea, akatoka tena. Baada ya Misa tulisikia maneno mengi. Mmoja alisema ndugu yule ana majivuno. Mwingine alisema ana pepo asiyependa ngoma za kanisani. Mzee mmoja akashauri aitwe mbele ya wazee wa kanisa aulizwe sababu.

Sisi tunaoandika somo hili tu miongoni mwa wazee hao, nasi ndio tuliotumwa kwenda kumwuliza. Tulikwenda, na majibu tuliyoyapata ndiyo somo la mwezi huu. Ndugu huyo ametupa ruhusa tuandike habari zake bila kutaja jina lake, nasi tumemsomea maandishi haya kabla ya kuyatoa.

KISA CHA ZAMANI

Kabla ya kuingia katika somo, yatupasa kuungama jambo moja. Ndugu huyu alikuwa mwanafunzi wetu. Mwaka 1986, tulipokuwa bado vijana katika kazi ya ualimu, yeye alikuwa darasa la tatu. Kila asubuhi wanafunzi walipopanga mistari, bendi ya shule ilipiga ngoma na filimbi. Mtoto huyu aliziba masikio, akafumba macho na kuyumbayumba. Tulidhani anafanya mzaha, tukamchapa fimbo mbili. Kesho yake aliziba masikio tena, tukamchapa nne. Mwisho akajifunza kuweka mikono chini, nasi tukajisifu kwamba fimbo imefunza. Hatukuangalia kuwa siku hizo hizo aliacha kunywa uji wa mapumziko, wala kwamba katika kipindi cha hesabu, somo ambalo alikuwa wa kwanza, sasa alikaa tu akiutazama ukuta. Alipofika darasa la tano aliacha shule. Chuoni tulikuwa tumefundishwa habari za makuzi ya mtoto, lakini neno usonji hatukulisikia hata mara moja.

Basi tulipofika kwenye kibanda chake, mahali anapotengeneza saa na redio, alisimama akatuamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Tukaitikia. Akatupa kigoda, akazima redio aliyokuwa akiijaribu. Tulipomweleza kilichotuleta, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, sikutoka kwa sababu naichukia Misa. Nilitoka ili niweze kurudi."

Alitueleza kwamba mtoto wa dada yake alichelewa kusema, akapelekwa hospitali. Yeye alikuwa amemsindikiza dada yake. Daktari alipouliza maswali juu ya mtoto, aliona kila swali linamgusa yeye mwenyewe. Baadaye alirudi peke yake, akachunguzwa, akaambiwa kuwa naye ana usonji. Alikuwa na umri wa miaka 41. "Siku ile nililia, Mwalimu," alisema. "Nilijua kumbe sikuwa mkaidi."

USONJI NI NINI?

Usonji ni hali ya mtu ambaye ubongo wake, tangu anapokua, hupokea na kupanga habari kwa namna iliyo tofauti na ya watu wengi. Hali hii huanza utotoni na hudumu maisha yote. Haiambukizi. Wenye usonji hawafanani: mmoja hasemi kabisa na anahitaji kusaidiwa kutwa kucha, mwingine anafanya kazi, ana nyumba na watoto, na jirani zake husema tu kwamba "ana mambo yake." Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Tufanye hesabu ndogo. Siku ya Pasaka tulikuwa kama watu 500. Kwa kadiri hiyo, ndugu wa namna hii wangeweza kuwa wanne, nasi tulimwona mmoja tu.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Baltimore huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna, Austria, alichapisha habari za watoto wengine waliokaribiana na hao. Katika maandishi yale ya kwanza Kanner alikwisha kueleza kuwa baadhi ya watoto wake waliingiwa na hofu kuu kwa sauti kubwa na kwa vitu vinavyokwenda, kama mashine ya kufagilia, lifti, na hata upepo. Hata hivyo ilipita miaka 70 ndipo, mwaka 2013, kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani, kinachotumiwa katika nchi nyingi kutambua hali hizi, kikaweka wazi kuwa hisi zilizo kali mno au hafifu mno ni mojawapo ya alama za usonji.

Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na kosa kubwa. Wataalamu kadhaa walifundisha kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo kwa mtoto wake. Bruno Bettelheim aliieneza fikira hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1967, ingawa Bernard Rimland, mtaalamu aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuipinga kwa kitabu cha mwaka 1964. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha wa Uingereza, nao ulionyesha kuwa urithi una sehemu kubwa katika jambo hili. Akina mama wengi walibeba lawama isiyo yao. Huku kwetu lawama imechukua sura nyingine: huambiwa kuna laana katika ukoo, au jirani amemroga mtoto. Yote hayo tuyaache. Mama asilaumiwe, wala jirani asitafutwe.

MILANGO ISIYO NA BAWABU

Shuleni tuliwafundisha watoto kuwa mwili una milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Wataalamu huongeza mingine mitatu. Upo mlango wa mizani, ulio ndani ya sikio, unaotuambia kama tumesimama wima au tunaanguka. Upo wa misuli na maungio, unaotuambia mkono uko wapi hata gizani. Na upo wa habari za ndani: njaa, kiu, joto, haja na mapigo ya moyo.

Kwa watu wengi milango hii ni kama ina bawabu. Msomaji, ulipovaa nguo leo asubuhi ulihisi kola shingoni. Baada ya dakika chache hukuihisi tena, mpaka sasa tulipoitaja. Bawabu alikwisha kusema, "Kola naijua, isisumbue." Ndivyo anavyofanya kwa saa ya ukutani, kwa mlio wa jenereta ya jirani, na kwa harufu ya nyumba yako mwenyewe. Hukuruhusu kumsikiliza mtu mmoja kati ya watu mia.

Kwa watu wengi wenye usonji bawabu huyu hafanyi kazi hivyo. Habari zote huingia pamoja, kila moja ikidai isikilizwe. Tulimwomba ndugu yetu atueleze sokoni Muheza pakoje kwake siku ya gulio. Alitaja mambo haya mfululizo, kama mtu anayesoma orodha: wapiga debe wa mabasi, redio tatu zenye nyimbo tatu, pikipiki, samaki wakavu na machungwa yaliyooza, harufu mbili kwa pamoja, jua linalometameta juu ya mabati, begani mkono wa mtu, mgongoni kapu la mtu, mtoto analia, muuzaji anauliza, "Nikupimie ngapi?" "Wewe, Mwalimu," alisema, "unamsikia yule muuzaji. Mimi nawasikia wote, na yeye ndiye ninayemsikia kwa shida."

Tena si kila mlango huwa mkali. Mtu mmoja aweza kuumizwa na sauti ndogo lakini asitambue kuwa ana njaa mpaka atetemeke. Ndugu yetu ana hali hiyo. Yule mtoto wa darasa la tatu aliyeacha uji hakuwa ameshiba. Ngoma za asubuhi zilikuwa zimejaza kila nafasi, na njaa haikupata mlango.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba mzigo huu hujikusanya. Ndugu yetu alitutolea mfano wa ndoo chini ya bomba linalodondoka. Kutolala vizuri ni maji kidogo. Shati jipya lenye lebo inayochoma ni maji kidogo. Safari ya daladala iliyojaa ni maji mengi. Kisha mtu anamgusa bega kwa wema, na ndoo inafurika. "Watu huliona tone la mwisho tu," alisema. "Husema, 'Ameguswa kidogo tu, mbona anafanya hivi?'" Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

ISHARA ZA KULEMEWA

Mzazi, mwalimu au rafiki aweza kuona ndoo inajaa kabla haijafurika. Ishara za mwanzo ni kuziba masikio, kukunja uso kwa mwanga, kutembea huku na huku, kuyumbayumba, kupunga vidole, kurudia neno lile lile, au kuacha kujibu. Kuyumbayumba na kupunga vidole kusizuiwe. Mara nyingi ndivyo mwili unavyojituliza, kama vile wewe unavyotikisa mguu ukiwa na wasiwasi.

Ndoo ikifurika, hutokea mojawapo ya mambo mawili. Wengine hulipuka: hulia, hupiga kelele, hujitupa chini, hukimbia bila kutazama barabara. Wengine huzimika: hunyamaza, hujikunyata, hawawezi kusema hata kama jana walihutubia. Hili la pili halionwi na watu, kwa sababu halisumbui mtu. Walimu hulisifu na kuliita utulivu. Nasi tuliliita hivyo.

Twawezaje kutofautisha jambo hili na ukaidi? Mtoto anayelilia pipi hutazama kama unamwona, na akipewa pipi hunyamaza. Mtoto aliyelemewa haangalii kama anaonwa, na hata akipewa anachokipenda hawezi kuacha, mpaka mzigo upungue. Fimbo haipunguzi mzigo. Fimbo ni mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza.

NJIA ANAZOTUMIA NDUGU YETU

Tulimwuliza anaishije basi, maana soko lipo, mabasi yapo, na harusi na misiba haikomi. Alitutajia njia saba. Tunaziandika kwa sababu huenda wasomaji wengine, vijana kwa wazee, wakajiona ndani yake.

1. Kuijua milango yake. Kwa mwezi mmoja aliandika katika daftari kila siku iliyomwia vigumu: alikuwa wapi, saa ngapi, kulikuwa na nini. Aligundua kuwa kwake sauti na kuguswa ghafula ndivyo vikubwa. Harufu huja baadaye. Mwingine ataona mwanga ndio adui. Taa za mrija za aina ya zamani, kwa umeme wetu wa mizunguko 50, hufifia na kuwaka mara 100 kila sekunde; wengi hatuoni, lakini wapo wanaosumbuliwa nazo.

2. Kuchagua saa. Sokoni huenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mabasi ya asubuhi ya kwenda Tanga hujaa, kwa hiyo husafiri saa tano. Huja Misa ya kwanza, isiyo na kwaya kubwa, isipokuwa sikukuu.

3. Kuchagua mahali. Hukaa ukingoni, mgongo ukiwa ukutani, ili asiguswe kutoka nyuma, na karibu na mlango. Katika basi hukaa dirishani. Hakai karibu na kipaza sauti.

4. Kupunguza kinachoingia. Ana vizibo vya masikio vya mpira laini mfukoni, na kofia yenye ukingo mpana. Havai vizibo kutwa nzima. Asema akifanya hivyo, kelele ndogo humwia kubwa zaidi avivuapo. Huvitunza kwa saa ya shida.

5. Kuupa mwili kitu kizito au cha taratibu. Hubeba mfuko mdogo wa kokoto laini na kuzifinya. Wengine hupenda blanketi zito au kukumbatiwa kwa nguvu, kama wameomba wenyewe. Temple Grandin, mwanamke wa Marekani mwenye usonji aliyezaliwa mwaka 1947, akiwa msichana aliona ng'ombe huko Arizona wakitulia walipobanwa katika kishikio cha kuwachanjia. Akajitengenezea mashine ya mbao ya kumbana yeye mwenyewe, ikamtuliza. Baadaye alikuwa profesa wa elimu ya mifugo katika Colorado State University, akasaidia kubuni mazizi yasiyowatia ng'ombe hofu. Alijua hofu yao kwa kuwa aliijua yake.

6. Kutoka mapema na kurudi. Hangoji ndoo ifurike. Hutoka ikiwa imefika nusu, hukaa chini ya mwembe dakika kumi, hurudi. Jamaa zake wanajua mahali pale, na mmoja wao tu ndiye anayemfuata, bila kumsemesha.

7. Kulipa deni la siku. Akihudhuria harusi Jumamosi, Jumapili mchana hafanyi kazi wala hapokei wageni. Asema umati ni kama kukopa: yafaa ukope ukijua siku ya kulipa. Misiba haina ratiba, basi huko huchagua kazi ya pembeni, kama kuchota maji au kupasua kuni, na watu humwona amefika na amesaidia.

Tuliuliza juu ya neno ambalo wazee wengi wangesema: "Si angejikaza tu, akazoea?" Alijibu kuwa alijikaza kwa miaka 30. Akiwa kijana alikwenda dansini kama wenzake, akacheka walipocheka, akarudi nyumbani na kutapika. Watu hawakujua, na yeye mwenyewe alidhani kila mtu hutapika. Ni kweli kwamba mtu aweza kuzoea mahali papya polepole, akianza kwa dakika tano pakiwa tupu, kesho dakika kumi, hali akijua anaruhusiwa kuondoka. Kumshika mtu kwa nguvu katikati ya kelele hakumfundishi kuzoea kelele. Kunamfundisha kuwaogopa waliomshika.

YATUPASAYO SISI

Njia saba tulizozitaja ni juhudi za mtu mmoja. Hazitoshi kama sisi wengine twaendelea kumwaga maji katika ndoo yake. Haya yafuatayo hayahitaji fedha nyingi.

Kanisani. Mazungumzo ya kawaida hufikia kama desibeli 60. Sauti ya desibeli 85 ikidumu saa nyingi yaweza kudhuru sikio la mtu yeyote, na vipaza sauti katika chumba chenye kuta za saruji hupita hapo kwa urahisi. Kuvipunguza ni faida hata kwa wazee na watoto wachanga. Kiti kimoja karibu na mlango wa ubavuni kiachwe wazi. Wakati wa kupeana amani, asiyetoa mkono asilazimishwe; kuinamisha kichwa kwatosha. Anayetoka asifuatwe kwa macho.

Nyumbani na katika sherehe. Mgeni akifika, mtoto asiburutwe kumsalimu kwa kumshika mkono. Aweza kuamkia kutoka mlangoni, na adabu ikawa imetimia. Siku ya shughuli, chumba kimoja kiwe kimya, nacho kisifanywe ghala la viti. Mtoto aelezwe mapema nini kitatokea, kwa utaratibu: kwanza gari, kisha kanisani, kisha chakula, kisha nyumbani. Kisichotarajiwa huumiza mara mbili.

Shuleni. Mwalimu aweza kumpa mtoto kazi ya kufungua madarasa wakati wa bendi. Aweza kumkalisha mbali na dirisha la barabarani. Aweza kumruhusu kutoka kwa kuonyesha kadi bila kusema neno, kwa kuwa aliyelemewa mara nyingi hupoteza maneno kwanza. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu wake. Lakini sheria haijui mtoto gani anaziba masikio. Mwalimu ndiye ajuaye.

Mahali pa watu wote. Katika nchi nyingine wameanza taratibu zinazofaa kuigwa. Mwaka 2016 uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulianza kuwapa wenye ulemavu usioonekana utepe wa shingoni wenye picha za alizeti, ili wahudumu wajue mtu huyu ahitaji muda zaidi. Mwaka 2017 chama cha National Autistic Society kilihimiza maduka ya huko yatenge saa moja ya kupunguza taa na kuzima muziki. Sisi hatuna viwanja vya ndege hapa, lakini tuna stendi, zahanati na ofisi. Karani anayekubali mtu angoje nje chini ya mti, kisha amwite zamu yake ikifika, amefanya jambo lile lile.

Ndoo ikiisha kufurika. Usimkemee, usimwulize maswali, usimshike isipokuwa yuko hatarini, kama vile barabarani. Waondoe watazamaji. Punguza sauti na mwanga. Sema maneno machache, kwa upole: "Tuko pamoja. Twende nje." Kisha ngoja. Ikipita, usidai maelezo siku ile. Mtu huyo amechoka kama aliyelima kutwa, na mara nyingi ana aibu.

MWISHO WA SAFARI YETU

Tuliporudi kwa wazee wa kanisa tulitoa taarifa hii, wala hakuna aliyetaka tena ndugu yetu aitwe. Kipaza sauti kimoja kimehamishwa kutoka ukuta wa kushoto, na benchi fupi limewekwa karibu na mlango wa ubavuni. Jumapili ya kwanza walikaa watu watatu: ndugu yetu, bibi mmoja ambaye kumbe kelele humpa kizunguzungu, na mama mwenye mtoto mchanga.

Lakini siku ile kibandani, kabla ya kuaga, tulisema jambo letu wenyewe. Tulimwambia kwamba tunazikumbuka fimbo za mwaka 1986, na kwamba tulikosa. Hakujibu upesi. Alikuwa ameinama juu ya saa iliyofunguliwa, kibanio mkononi. Kisha akasema, "Mwalimu, mpwa wangu anaanza darasa la kwanza Januari. Walimu wa siku hizi wanakusikiliza wewe. Nenda ukaseme nao."

Tumekwenda mara mbili. Mwalimu wa darasa ni kijana, naye ameandika katika daftari lake mambo ambayo sisi tulipaswa kuyaandika katika letu. Amekubali mtoto aingie darasani kabla ya bendi kuanza.

Tarehe 2 Aprili kila mwaka ni Siku ya Usonji Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Nayo huangukia majira ya Kwaresima au ya Pasaka, wakati kanisa letu linapojaa watu. Na tuikumbuke kwa kutazama nani ameketi ukutani, na kama njia ya mlangoni iko wazi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja milango minane ya fahamu. Kwako wewe, ni upi ulio mkali kuliko mingine?

2. Kuna tofauti gani kati ya mtoto anayelilia pipi na mtoto aliyelemewa? Toeni mifano mliyoiona wenyewe.

3. Katika nyumba yako, ni maji gani yanayoweza kupunguzwa katika ndoo ya mtu mwingine bila gharama?

4. Je, yupo mtu uliyewahi kumwita mkaidi, mwenye majivuno au mwenye pepo, ambaye sasa unafikiri alikuwa amelemewa? Kama yu hai, utamwambia nini?